Hofu ya Kuazima

Sheria ya tangini ilikuwa moja tu: ubashiri usiotamkwa mbele ya wenzako hauhesabiki. Mtu asije baadaye, bembea mpya ikishazinduliwa, akajigamba kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Ndiyo maana Jumamosi ile Nyamizi alitamka. Alitamka kama mtu anayetaja siku ya wiki.

"Ni barabara," alisema. "Wanajenga mteremko wa Isunga."

Wenzake wawili wakashusha darubini. Walikuwa wamekaa juu ya tangi la maji lililoachwa kutumika, nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali ambapo ukitazama magharibi unaiona Bustani ya Msisimko yote, na uzio wake mrefu, na uwanja mtupu upande wa nyuma ambako kila mwaka kilichipuka kitu kipya. Uongozi wa bustani haukusema kitakachojengwa mpaka siku ya uzinduzi. Kwa hiyo watu walibashiri. Walibashiri sokoni, walibashiri kwa vinyozi, lakini wabashiri wenyewe, wale waliopima vivuli vya nguzo na kuhesabu mabehewa ya vyuma stesheni, walikuwa hawa wa tangini. Aliyepatia wa kwanza alipewa kiti cha kwanza.

"Mnyamwezi huyu!" alisema Kondo, fundi lifti aliyehamia kutoka pwani miaka mingi nyuma. "Babu zake walibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka baharini, sasa kila akitazama chini anaona barabara."

"Na wewe Mzaramo kila ukiona uwanja umefagiliwa unadhani kuna ngoma," Nyamizi alijibu. Utani alikuwa bado anaujua. Ulimtoka mdomoni wenyewe, kama salamu.

"Mimi nimeshasema. Ni lifti inayokatika kamba."

"Kila mwaka unasema lifti," alisema Mwalimu Gwandu, aliyefundisha hesabu sekondari na ambaye mwaka huo alikuwa ameshikilia kwamba ni mchimba visima. "Lakini barabara, Nyamizi? Shimo lile ni refu."

"Shimo ni la nguzo ya mwanzo, ile ndefu kuliko zote. Tazama nyingine zinavyopungua. Halafu fuata alama za chokaa. Kona mbili za kawaida, ya tatu inarudi nyuma kabisa. Kisha daraja dogo. Kisha njia inanyooka, halafu kona ya sokoni." Kazi yake ilikuwa kufunga mabomba ya maji ya mji, na jicho lake lilizoea mwinuko na mwinamo. Lakini si hilo lililomsaidia. "Nimepita pale na kaka mara nyingi. Nilikuwa nakaa kushoto."

Hakuna aliyeuliza kaka yupi. Mkoa mzima ulimjua Mihayo, dereva wa lori la saruji aliyekatikiwa breki juu ya Isunga, akalishusha gari kona kwa kona, akaliepusha na watu wa gulio, na kufa chini bondeni peke yake. Ilikuwa mwaka wa pili sasa.

Kondo aliiweka darubini mapajani. "Mtani," alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Unajua ulichokisema?"

"Najua."

"Na huhisi kitu?"

Nyamizi aliliwaza swali hilo kwa uaminifu, kwa sababu Kondo aliuliza kwa uaminifu.

"Nahisi upepo," alisema.

Tangu mazishi alikuwa hivyo. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza. Anayejikaza ana kitu anachokizuia kisitoke.

*

Bembea za Bustani ya Msisimko hazikuwa bembea za kamba. Jina tu ndilo lilibaki. Ukiingia, unafungwa kwenye kiti chenye mkeka mwembamba wa nyaya unaokukumbatia kuanzia kisogoni mpaka nyayoni, na kiti kinakupa mwili wa mtu mwingine. Kuna bembea ya Mrina Asali: unapanda mti ukiwa na mikono ya mrina asali wa Sikonge, nyuki wanakufuata, na moyo unaokupiga ni wake, wa siku ile aliyoteleza. Kuna Kipa, ambayo watu hupanga foleni mpaka nje ya geti. Kuna Mkwezi. Wote hao walikuwa watu hai, waliovaa kwa hiari yao fulana za kunasa mwili, zinazorekodi kila unachohisi, na siku za sikukuu walikuja kupiga picha na wageni.

Madereva wa malori nao walivaa fulana hizo, kwa sababu nyingine. Kampuni zilitaka kujua nani anasinzia. Mihayo alikuwa amevaa yake.

"Tulikuwa tukutafute wiki hii," alisema Bi Kokusima, mkuu wa ubunifu wa bustani, alipomkaribisha Nyamizi ofisini mwake. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale. "Umetutangulia. Pole kwa kuijua hivyo, juu ya tangi."

"Nimeshapoa."

"Atakuwa marehemu wa kwanza. Hatujawahi kumtumia marehemu. Sheria inataka sauti za kuridhia za ndugu wawili wa damu, zitolewe pale pale, mbele ya mashahidi, kabla zege la kwanza halijamwagwa. Mama yako ameshatuambia atatoa yake. Inabaki yako." Alisita. "Lakini sitaki utoe sauti kwa kitu usichokijua. Ungependa kukaa?"

Nyamizi alikaa. Hakuwa na sababu ya kukataa, wala ya kukubali.

Mkeka ulimbana. Kwanza ulikuja uzito wa mikono, mikubwa kuliko yake, na ulimi ukagusa pengo la jino ambalo yeye hakuwa nalo. Barabara ikafunguka mbele, nyekundu pembeni, nyeusi katikati. Mguu wa kulia ulikanyaga breki na breki ikazama mpaka chini bila kushika chochote, kama kukanyaga maji.

Akasubiri hofu.

Ikapita kona ya kwanza. Mikono ilizungusha usukani taratibu. Ikapita ya pili. Moyo ulitembea tu, haukukimbia. Kona ya tatu, ile inayorudi nyuma, lori liliinuka magurudumu ya upande mmoja, na mikono ile ililisubiri litue kama mtu anayesubiri chai ipoe. Daraja. Mnyooko. Kona ya sokoni, kanga za wanawake, mbuzi mmoja, usukani kushoto. Ndani ya kifua cha kaka yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na utupu ambao Nyamizi aliufahamu, maana aliamka nao kila asubuhi. Kisha kiti kikazima, kwa sababu sheria haikuruhusu kuendelea zaidi ya pale.

Bi Kokusima alimpa maji.

"Nisikufiche," alisema. "Hatukuelewa. Tuliwakalisha wafanyakazi wetu, wakashuka wakiuliza kama mtambo umeharibika. Mtu anapanda bembea ili aogope akiwa salama. Kaka yako hakuogopa."

"Kwa hiyo hamjengi."

"Tunajenga. Barabara ni nzuri, mikono ni mizuri, watu wanampenda. Kinachokosekana ni hofu tu, na hofu tunayo. Kuna fundi wa Moshi alianguka kwenye jukwaa la ghorofa, akanasa kwenye wavu. Yuko hai, ametupa ruhusa. Tunaichukua hofu yake tunaipandikiza humu. Mafundi wangu ni hodari. Hutauona mshono."

"Na bango litasemaje?"

"Safari ya Mwisho ya Mihayo."

Nyamizi alikunywa maji. "Mama anajua kwamba hofu si ya Mihayo?"

Bi Kokusima alitazama meza yake. Hakuwa mwongo, na hilo lilionekana kumtesa. "Hajauliza."

"Nikikataa?"

"Kila kitu kinafutwa siku hiyo hiyo. Mwili ulionaswa wa marehemu hauwezi kukaa kwenye ghala la kampuni bila idhini. Hata ninyi hampewi. Ndivyo sheria ilivyo, na sikuitunga mimi."

*

Mama yake, Bi Kalunde, alikuwa barazani na cherehani yake, anashona mashati ya shule. Alishona hivyo hivyo huku akimsikiliza Nyamizi aliyetoka bustanini, mguu haukusimama.

"Umekaa?" aliuliza.

"Nimekaa."

"Usiniambie. Nataka nikute mwenyewe."

Nyamizi akakaa kwenye jamvi. Alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa, na sasa aliyaona hayana pa kuingilia.

"Mama, kwa nini unataka?"

Cherehani ilisimama.

"Walimleta kwenye sanduku lililopigwa misumari," alisema Bi Kalunde. "Kampuni imeleta sanduku, kampuni imeleta wabebaji, kampuni imeleta hotuba. Nikaambiwa nisifungue. Ndani ya saa moja, ameshafukiwa. Hata mtani hakuwepo, Kondo alikuwa kwao Kisarawe kumzika mjomba wake. Nani alicheka pale? Nani aliliingia kaburi akagoma kutoka? Tulisimama kama watu wanaosubiri treni." Alikata uzi kwa meno. "Mwanangu nilimbeba miezi tisa mwilini mwangu. Na yeye anibebe dakika hizo chache mwilini mwake. Ndilo ninalolitaka."

"Na ukikuta aliogopa sana?"

"Nitaogopa naye. Hataogopa peke yake."

"Na kama hakuogopa?"

Mama alimtazama. "Nani asiyeogopa kifo, Nyamizi? Wewe?"

Cherehani ikaanza tena.

Kondo alifika jua likiwa juu, akapiga hodi kwa kelele kama ada yake. "Wenye nyumba mmelala au mmekufa? Kama mmekufa semeni, nirithi cherehani."

"Pita, Mzaramo mvivu," alisema Bi Kalunde. "Cherehani utaiweza wapi, wewe unayeshonewa mpaka kifungo?"

Lakini Kondo alibaki nje, na Nyamizi akatoka. Walisimama kando ya ukuta. Nyamizi alimweleza yote, kwa mpangilio, tangu kiti mpaka bango. Kondo alisikiliza bila kukatiza. Hilo halikuwa la kawaida yake.

"Nikikubali," Nyamizi alimalizia, "mama atakaa, tena mara nyingi apendavyo. Ila atakayemkuta ndani ni fundi wa Moshi. Nikikataa, kinafutwa, na hatakaa kamwe."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba mwanawe alikuwa mtupu. Hakuogopa, hakulia, wala hakumkumbuka mama yake. Nikimpa hilo nitakuwa nimempa nini? Hofu ya uongo angalau ni ya mtu aliyetaka kuishi."

Kondo alikuna kidevu.

"Mimi sisemi hao watu wabaya," alisema mwishowe. "Hata mimi kazi yangu msibani ni kumwigiza marehemu. Ninavaa nguo zake, natembea kama yeye, ninasema maneno yake ya kipuuzi, mpaka mjane anacheka. Sasa mimi na huyo mama wa bustani tuna tofauti gani?"

"Sijui."

"Nami nimeiwaza tangu siku ile tangini. Mimi nikivaa koti la marehemu, kila mtu anamwona Mzaramo humo ndani. Koti linanibana, sauti yangu ni hii hii ya pwani. Hakuna anayeondoka pale akidhani amemwona marehemu. Anaondoka akijua kwamba hayupo. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mtani. Hao wanataka koti lisilobana."

Nyamizi aliegemea ukuta.

"Sikwambii useme ndiyo au hapana. Damu ni yenu." Akaingiza kichwa barazani. "Mama mkwe wangu wa uongo! Koti la Mihayo liko wapi? Lile la ngozi, la kujidai."

Bi Kalunde alinyanyua macho taratibu. Akamtazama Kondo kwa muda mrefu. Kisha akaondoka kwenye cherehani, akaingia ndani, akarudi nalo mkononi. Hakuuliza la nini.

*

Siku ya kutoa sauti, lori la zege lilikuwa limeshafika, pipa lake linazunguka polepole mgongoni. Shimo la nguzo ya kwanza lilikuwa wazi, kuta zake zimenyooka, nondo zimefungwa upande mmoja. Kando yake kulikuwa na hema la kivuli, kiti kimoja cha majaribio chenye mkeka wa nyaya, Bi Kokusima na mhandisi wake, na mtendaji wa kata kama shahidi. Mwalimu Gwandu alikuja kama shahidi wa familia, amevaa tai.

Bi Kalunde alikuwa amevaa kitenge kipya. Nyamizi alimshika mkono kuvuka matope.

"Tuanze na mama," alisema Bi Kokusima, na kuwasha kinasa sauti.

Hapo ndipo Kondo alipoingia.

Aliingia akiwa ndani ya koti la ngozi lililomkaba makwapa, anatembea kwa kubingirisha mabega kama Mihayo alivyotembea, na akaanza kuzunguka lori la zege akipiga matairi teke moja baada ya jingine na kuyasalimia.

"Habari za asubuhi, bosi. Na wewe bosi, umeamkaje? Wewe huku nyuma, bosi, mbona umenuna? Mkeo kakunyima shuka?"

Dereva wa lori alibaki mdomo wazi. Kondo akamfikia mhandisi, akampigia saluti. "Bosi!" Akamgeukia mtendaji. "Bosi mdogo!" Akaiona ndoo ya maji kando ya hema, nayo akaiinamia. "Shikamoo, bosi."

Sauti ilimtoka Bi Kalunde. Nyamizi alidhani ni kikohozi. Ilikuwa kicheko, kimekaa muda mrefu mpaka kimeota kutu.

"Alikuwa anamwita bosi mpaka jogoo," alisema mama yake, akijifuta jicho. "Mpaka jogoo wangu!"

Kondo aliposikia hivyo alikimbia kama mtu aliyeitwa, akarukia ndani ya shimo, akajilaza chali chini kabisa, mikono kifuani.

"Mzee!" alipiga kelele mhandisi. "Toka humo! Zege litaganda!"

"Mimi maiti," ilijibu sauti kutoka chini. "Umewahi kuona maiti inatoka yenyewe?"

"Waite walinzi," Bi Kokusima alisema.

Mtendaji wa kata alikuna kichwa. "Walinzi wenyewe ni watu wa hapa, mama. Hawatamgusa. Huyo ni mtani wao, yuko kazini. Hawa marehemu wao alizikwa bila mtani, kata nzima inajua. Hapo hatoki mpaka apewe anachotaka."

"Anataka nini?"

"Muulize."

Bi Kokusima alisogea ukingoni. Alikuwa mgeni wa mambo hayo, lakini alikuwa na adabu, na aliuliza kama mtu anayemuuliza mgonjwa. "Baba, unataka nini?"

"Mimi nimewaonyesha marehemu," alisema Kondo. "Kila mtu kaniona, Mzaramo ndani ya koti. Sasa na nyie semeni, mama wa watu asikie. Ndani ya koti lenu yumo nani? Mkishasema, mama akae kwenye kiti hicho leo, na mwili wa Mihayo peke yake, hivyo hivyo ulivyo. Baada ya hapo ndipo sauti zitolewe. Mimi nalala."

Pipa la zege lilizunguka. Bi Kalunde aliacha kucheka.

"Anasema nini huyu?" aliuliza. Hakumuuliza Bi Kokusima. Alimuuliza Nyamizi.

Nyamizi alijua kwamba huo ndio wakati, na kwamba haukumngojea awe tayari. Alitafuta ndani yake woga, au huruma, kitu cha kuegemea, na hakukuta. Akasema hivyo hivyo, bila kuegemea popote.

"Mama, hofu watakayokupa humo si ya Mihayo. Ni ya mtu mwingine, wameipandikiza. Mihayo hakuogopa. Nilikaa nikasubiri aogope, hakuogopa. Hakuhisi kitu. Alikuwa kama mimi. Sikutaka ujue kwamba aliondoka mtupu."

Bi Kokusima alisema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mama. Ningepaswa kukuambia mwenyewe."

Bi Kalunde alisimama pale na kitenge chake kipya, matope yamemchafua upindo. Alimtazama binti yake kama mtu anayetazama kitambaa kwenye mwanga, kutafuta kilipochanika.

"Niwekeni kwenye kiti," alisema.

Mhandisi alimtazama mkuu wake. Mkuu wake alitazama lori la zege, na shimo, na mguu mmoja wa Kondo uliokuwa unatikisika kwa kujiburudisha. "Muweke," alisema. "Mwili mtupu. Usiongeze kitu."

Wakamfunga. Mkeka ulimkumbatia mwili mdogo. Nyamizi alisimama mbele yake, akaona mikono ya mama yake, mikono ya cherehani, ikiwa mizito ghafla, inashika usukani ambao haupo. Kona ya kwanza. Ya pili. Bi Kalunde alikuwa amefumba macho, uso umetulia. Kona ya tatu aliinama upande mmoja, akarudi. Hakulia. Katikati, pale palipokuwa na daraja, alikunja uso. Haukuwa uso wa mtu mwenye maumivu. Alikunja uso kama mama anayeingia chumbani akakuta jambo ambalo hakulitarajia, tena dogo.

Kiti kilizima. Wakamfungua.

"Mtoto alikuwa na njaa," alisema.

Akaweka kiganja tumboni.

"Alikuwa hajala. Tangu asubuhi hajala, labda tangu jana yake. Tumbo limeshikana na mgongo. Nyie mnaita utupu?" Sauti ilipanda kidogo, kwa hasira ya nyumbani kabisa, ya mama anayekuta sufuria haikuguswa. "Ile ni njaa! Anashusha gari lile lote, na anachowaza ni afike chini ale!"

Mhandisi alikuwa ameinama kwenye skrini yake. "Tumbo huwa tunalipunguza," alisema taratibu. "Wageni walikuwa wanalalamika kichefuchefu. Kwenye kumbukumbu lipo, lakini tunalipunguza sana. Sikudhani..."

"Mmelipunguza, hamkulimaliza," alisema Bi Kalunde. "Mimi ndiye niliyelijaza miaka yote ile, nisilijue?"

Akashuka kwenye kiti, akamshika Nyamizi kiwiko. "Hakuwa mtupu. Alidhani atafika." Akamgeukia Bi Kokusima. "Sauti yangu nairudisha. Namwachia huyu. Atakalosema ndilo."

Kinasa sauti kilikuwa bado kinawaka. Mtendaji alisogea karibu. Bi Kokusima alisema, bila kushinikiza, kama mtu anayesoma kilichoandikwa, "Ukikataa, tunafuta sasa hivi. Hakutakuwa na pengine pa kumkuta."

Nyamizi alifikiria watu wangapi wangepanda. Wangepiga mayowe kona ya tatu, wangeshuka wakitetemeka na kucheka, na kila mmoja angeondoka na Mihayo aliyekufa akiogopa. Alifikiria pia kwamba angeweza kuja hapa kila mwezi, kukaa, kushika usukani kwa mikono ile mikubwa. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Alishangaa kwamba lilikuwa gumu.

"Mimi Nyamizi, dada yake Mihayo," alisema mbele ya kinasa, "nasema hapana."

Mhandisi alibonyeza mahali, akabonyeza tena kuthibitisha. Taa ndogo kwenye kiti ilizimika. Haikutoa mlio wowote. Bi Kokusima alizima kinasa, akawapa pole wote wawili kwa mkono, na akaenda kumwambia dereva wa zege alipeleke kwenye msingi wa choo kipya upande wa pili.

Walimvuta Kondo kwa kamba. Koti lilikuwa limepasuka kwapani. Mwalimu Gwandu alilegeza tai, akatazama uwanja wote ule wa alama za chokaa, kona nne na daraja, na midomo ikamcheza kama mtu anayetaka kubashiri. Hakubashiri.

"Twendeni tukale," alisema Bi Kalunde. "Watu wakitoka kuzika wanakula."

Nje ya geti kulikuwa na mama lishe aliyepikia mafundi wa ujenzi. Waliketi kwenye benchi lake. Bi Kalunde hakuuliza nani anataka nini. Aliagiza ugali na maharage na mchicha, sahani zikaja, na ya kwanza akaisukuma mbele ya binti yake.

"Kula."

"Mama, mimi sina..."

"Nimesema kula."

Kondo na Mwalimu walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu koti, kama litashonwa au litazikwa. Nyamizi alinawa. Akamega tonge. Lilikuwa limetoka jikoni wakati ule ule, na lilimuunguza vidole. Lilimuunguza kweli, mpaka macho yakajaa maji, na hakulitua.